Jiwe jeusi si jiwe baridi: kasi ya kupoa inavyoipa lava ya Nyiragongo umbile lake

Tarehe 21 Januari 2002, siku nne baada ya lava ya mlima Nyiragongo kuupasua mji wa Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kituo cha mafuta kilichozingirwa na lava hiyo kililipuka na kuua makumi ya watu. Wengi wao walikuwa wameingia humo kuchota mafuta. Kwa macho, lava ilikuwa imekwisha kuwa jiwe: nyeusi, ngumu, yenye kuubeba uzito wa mtu. Ndani yake, joto lilikuwa bado linatosha kuwasha petroli.

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima huohuo ulifunguka tena. Safari hii lava ilisimama Buhene, pembezoni mwa mji, na maelfu ya wakazi walivuka mpaka usiku kuingia Rwanda. Katika siku zilizofuata, watu kadhaa walipoteza maisha walipojaribu kuuvuka mtiririko uliokuwa bado unapoa, kwa kukosa hewa katikati ya moshi na gesi. Barabara ilikuwa imekatika, na jiwe lilionekana limetulia.

Misiba hiyo miwili inahusu jambo ambalo wanajiolojia hulisoma katika kila kipande cha mwamba wa moto, yaani mwamba uliotokana na uji wa mawe yaliyoyeyuka. Jiwe la namna hiyo halipoi mara moja, wala halipoi sawasawa. Kasi ya kupoa kwake ndiyo huamua kama litakuwa kioo, litakuwa na chembe zisizoonekana kwa macho, au litakuwa na fuwele za kuhesabika kwa kidole. Umbile la jiwe, kwa maneno mengine, ni kumbukumbu ya muda lililoutumia likiwa moto.

Kutoka uji hadi jiwe

Uji wa mawe ukiwa bado chini ya ardhi huitwa magma. Ukitoka nje huitwa lava. Ndani ya uji huo atomi za silikoni, chuma, magnesi, kalsi na nyinginezo huzunguka ovyo, hazina mahali pa kudumu. Joto linaposhuka, huanza kushikana kwa mpangilio maalumu, na kila mpangilio ni mwanzo wa fuwele ya madini fulani.

Hapo ndipo muda unapoingia. Uji ukipoa polepole, vianzio vya fuwele huwa vichache, na kila kimoja hupata nafasi na wakati wa kuvuta atomi kutoka mbali na kukua. Ukipoa kwa haraka, vianzio huzuka kwa wingi mahali pote kwa pamoja. Vyote hugombea atomi zilezile na vyote hubaki vidogo. Ukipoa kwa ghafla, atomi hukamatwa zilipo kabla hazijajipanga. Matokeo yake si fuwele tena, bali kioo.

Mpishi wa kashata ameliona jambo linalofanana na hilo jikoni. Sukari iliyoyeyuka ikimwagwa kwenye sinia baridi huganda iking'aa kama kioo. Sukari hiyohiyo ikiachwa ipoe taratibu huku ikikorogwa hurudi kuwa chembe.

Katika sayansi, wazo hili lilithibitishwa na Mskoti, James Hall, mwishoni mwa karne ya 18. Wakati huo wasomi wa Ulaya walibishana vikali kama basalti, lile jiwe jeusi zito, ilitokana na moto au ilitulia chini ya bahari ya kale. Waliopinga asili ya moto walikuwa na hoja nzuri: ukiyeyusha basalti katika tanuri na kuitoa, hupati basalti, unapata kioo. Hall alikuwa amesikia kwamba katika kiwanda kimoja cha vioo karibu na Edinburgh, kioo kilichoachwa kipoe polepole mno kilipoteza ung'avu wake na kuwa kama jiwe. Akayeyusha basalti na lava, akazipoza kwa kasi tofauti, na mwaka 1798 akawasomea matokeo wanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Edinburgh. Zilizopozwa upesi zilikuwa kioo. Zilizopozwa taratibu zilirudi kuwa jiwe lenye fuwele. Kilichokuwa kimekosekana katika majaribio ya wapinzani ni subira tu.

Mtiririko mmoja, nyuso tatu

Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, hutoa lava isiyo ya kawaida. Silika yake ni chache mno, karibu asilimia 40 au pungufu, ilhali katika itale, yaani graniti, huzidi asilimia 70. Silika ndiyo inayoupa uji wa mawe unata wake. Pasipo silika ya kutosha, lava hukimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la lava lililokuwa katika kasoko ya mlima lilimwagika lote kwa muda usiozidi saa moja, na mikondo yake ilishuka mteremko kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa saa. Vijiji havikupata nafasi ya kukimbia. Kwa kuwa ilikuwa nyepesi hivyo, mahali pengi lava hiyo iliacha tabaka jembamba tu, na tabaka jembamba hupoa upesi.

Mitiririko ya mwaka 2002 ilikuwa minene zaidi, na huonyesha vizuri jinsi jiwe moja linavyoweza kuwa na nyuso kadhaa. Juu kabisa pana ngozi ya kioo cheusi, nyembamba, yenye kung'aa likiwa jipya na kukatika vipande vyenye makali. Hiyo ni sehemu iliyogusana na hewa. Chini yake jiwe limejaa matundu, makubwa na madogo, kwa sababu gesi iliyokuwa ikipanda ilikutwa njiani na ganda lililokwisha kukaza. Katikati, ambako joto lilidumu, matundu hupungua, jiwe huwa zito na chembe zake hukua, ingawa nyingi bado zinahitaji kioo cha kukuzia. Na chini, palipogusana na ardhi baridi, chembe hurudi kuwa ndogo.

Mawe meusi ya milima ya Virunga, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa amakoro, yamo katika misingi, kuta na nyua pande zote mbili za mpaka. Anayejenga kwa mawe hayo hahitaji kuambiwa kwamba yana daraja. Lile la juu, lenye matundu mengi, ni jepesi na huvunjika kirahisi. Lile la ndani ni zito na linafaa kubeba nyumba. Tofauti kati yao haitokani na aina ya lava. Ni tofauti ya siku chache za kupoa.

Kwa nini ganda hudanganya

Mwamba ni kipitishi dhaifu cha joto. Mara ganda linapofunika lava, linageuka kuwa blanketi: linazuia joto la ndani lisitoke, na kadiri linavyonenepa ndivyo linavyozuia zaidi. Kwa hiyo muda wa kupoa hauongezeki sambamba na unene. Unene ukiongezeka mara mbili, muda huongezeka takriban mara nne. Ukiongezeka mara kumi, muda huongezeka mara mia.

Watafiti waliopima mitiririko ya lava huko Hawaii, Marekani, walikuta kwamba ganda la sentimita 10 hujengeka kwa muda usiofika saa mbili. Ganda la nusu mita huhitaji karibu siku mbili, na la mita moja yapata siku saba. Lava ya Hawaii si sawa na ya Nyiragongo kwa kemia, hivyo tarakimu hizo si za kubandikwa Goma bila tahadhari, lakini kanuni ya kupitisha joto ni ileile. Kwa hesabu hiyo, lava inayopoa kwa siku nne huwa na ganda la karibu robo tatu ya mita. Mitiririko iliyopita Goma mwaka 2002 ilikuwa na unene wa mita moja hadi mbili katika sehemu nyingi. Tarehe 21 Januari, basi, kiini cha sehemu zile nene kilikuwa bado na joto kali mno, ilhali watu walikuwa wamekwisha kuanza kupita juu yake kurudi makwao.

Rangi haisaidii. Mchana, jiwe huacha kuonekana likiwaka hata kama joto lake bado ni la mamia ya nyuzi. Mvua ikinyesha juu yake, maji huingia katika nyufa na kutoka yakiwa mvuke. Na katika mabonde madogo ya lava, eneo la Goma lina hatari nyingine ya zamani ambayo Kiswahili kimeipa hata jina linalotumiwa na wanasayansi wa dunia nzima: mazuku. Hiyo ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya mashimoni na kuua mifugo na watu bila harufu wala rangi. Mazuku haitokani na kupoa kwa lava ya juu, lakini anayepita katika jiwe jipya huku akikwepa joto anaweza kushukia shimo lenye hewa hiyo.

Mfano wa muda mrefu zaidi unatoka Hawaii pia. Mwaka 1959, kasoko ya Kilauea Iki ilijazwa ziwa la lava lenye kina cha zaidi ya mita 100. Watafiti walilitoboa mara kwa mara kwa miongo kadhaa wakifuatilia ganda lake. Ilichukua takriban miaka 35 kabla ya uji kuganda wote.

Koo la Mlima Kenya

Ikiwa mita mia huhitaji miongo, vipi kilomita? Hesabu ileile, ikichukuliwa kijuujuu, inatoa jibu la kushangaza. Kilomita moja ni mita elfu moja, na elfu mara elfu ni milioni. Wiki moja ya ganda la mita moja inageuka kuwa wiki milioni, yaani miaka kama 19,000. Huo ni makisio ya chini, kwani magma iliyo ardhini huzungukwa na miamba iliyo vuguvugu, si hewa wala mvua.

Ndiyo sababu itale ina chembe zinazoonekana bila msaada wowote. Mawe makubwa ya Mwanza, nchini Tanzania, likiwemo lile maarufu la Bismarck linalosimama majini katika Ziwa Victoria, ni itale iliyopoa kilomita kadhaa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita. Kilichokuwa juu yake kimekwisha kusombwa na mvua na mito. Anayeshika kipande chake huona madini ya feldispa, kwatzi na maika, kila moja kwa rangi yake.

Hata hivyo, mahali pazuri zaidi katika Afrika Mashariki pa kuona kasi mbili za kupoa zikikaa jirani ni kileleni mwa Mlima Kenya. Mlima huo ni volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Lava zake za nje zilipoa hewani. Mojawapo imepewa na wanajiolojia jina linalotokana na mlima wenyewe, kenyaiti, na ina fuwele kubwa za feldispa zilizozama katika uji uliogeuka kuwa kioo au chembe ndogo mno. Lakini magma iliyobaki kooni mwa volkano haikupata njia ya kutoka. Ilipoa huko taratibu, ikawa sayaniti ya nefelini, jiwe lenye chembe kubwa zilizoshikana barabara. Barafu na mmomonyoko viliondoa kuta laini za nje, koo likabaki. Vilele vya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, vinavyowatoa jasho wapanda milima, ndivyo koo hilo.

Kenyaiti yenyewe ina fumbo dogo. Inawezekanaje jiwe moja liwe na fuwele kubwa na kioo kwa pamoja? Ni kwa sababu lilipoa kwa awamu mbili. Fuwele zilianza kukua chini, katika hifadhi ya magma, kwa muda mrefu. Kisha mlipuko ukazibeba juu pamoja na uji uliobaki, na uji huo ukaganda kwa haraka ukizifungia ndani. Wapanda Kilimanjaro hukuta jambo hilohilo njiani kuelekea Kibo: mawe ya kijivu yenye fuwele zilizopauka zenye umbo la msambamba. Miongoni mwa lava za kale za Nyiragongo zipo pia zenye fuwele kubwa za lusiti na nefelini. Kwa mtafiti wa volkano, fuwele za namna hiyo ni ushahidi kwamba magma ilikaa ikisubiri kabla ya kutoka.

Kasi peke yake haitoshi

Vitabu vingi vya shule husema kwa ufupi kwamba kupoa polepole huleta fuwele kubwa na kupoa haraka huleta ndogo. Ni kweli, lakini si kweli yote, na eneo la Maziwa Makuu lina mifano miwili ya kusahihisha.

Mfano wa kwanza ni obsidiani, kioo cha asili kinachopatikana katika Bonde la Ufa nchini Kenya, hasa maeneo ya Ziwa Naivasha na mlima Eburru. Kule Nyiragongo kioo ni ngozi nyembamba tu juu ya mtiririko. Naivasha hupatikana kwa mabonge. Sababu ni unata. Lava ya huko ina silika nyingi, na atomi zake husogea kwa shida kama mtu anayetembea katika tope la magoti, kiasi kwamba hata kupoa kusiko kwa ghafla sana hakuzipi muda wa kujipanga. Kioo hicho hukatika kwa makali yanayozidi chuma. Binadamu wa kale waliokaa Olorgesailie, kusini mwa Kenya, walikitumia kutengeneza zana miaka ipatayo 300,000 iliyopita, na walikipata kutoka sehemu zilizo umbali wa makumi ya kilomita.

Mfano wa pili ni pegmatiti, mwamba ambao fuwele zake zaweza kuwa na urefu wa mkono au wa mtu. Humo ndimo hutoka koltani na madini ya bati ya Gatumba, nchini Rwanda, na ya maeneo mengi ya Kivu. Humo pia mna lithiamu ya Manono, katika mkoa wa Tanganyika nchini Kongo. Kwa kanuni ya shuleni, fuwele za ukubwa huo zingehitaji muda usiomithilika. Lakini mishipa mingi ya pegmatiti ni myembamba, na wataalamu wengi sasa wanaona kwamba ilipoa kwa haraka kuliko itale iliyo jirani nayo. Kilichosaidia ni maji, pamoja na elementi kama lithiamu, boroni na florini, ambazo huufanya uji kuwa mwepesi na kuzuia vianzio vya fuwele visizuke vingi. Vichache vilivyozuka vikapata chakula tele. Mchimbaji anayefuata mshipa wa pegmatiti mlimani, mara nyingi kwa sururu na tochi ya kichwani, anafuata mabaki ya uji wa mwisho wa magma, ule uliokuwa na maji mengi kuliko wote.

Jiwe lililobaki chini ya mji

Kioo cha volkano kina sifa nyingine inayowagusa wakulima. Kwa kuwa atomi zake hazikujipanga, huoza upesi zaidi kuliko fuwele, na majivu yaliyojaa chembe za kioo hugeuka udongo kabla ya lava nzima kufanya hivyo. Mashamba yenye rutuba chini ya milima ya Virunga yanatokana kwa sehemu na majivu hayo. Mtiririko mzito wa lava, kwa upande wake, unaweza kukaa miongo mingi ukiwa uwanja wa mawe matupu, na katika baadhi ya vitongoji vya Goma nyumba za mbao zimesimamishwa moja kwa moja juu yake.

Mwaka 2021, si lava yote iliyotoka. Siku zilizofuata mlipuko, matetemeko na nyufa zilionyesha kwamba magma ilikuwa ikisogea kuelekea kusini chini ya Goma na Ziwa Kivu, na tarehe 27 Mei mamlaka ziliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka, wengine kuelekea Sake, wengine Rwanda. Vipimo vya setilaiti na vya ardhini vilionyesha baadaye kwamba magma ilikuwa imejipenyeza kama ukuta mwembamba wenye urefu wa kilomita zipatazo 25. Haikutoboa juu, wala gesi iliyoyeyuka katika maji ya kina ya ziwa haikufumuka, jambo lililokuwa hofu kubwa zaidi ya wataalamu wakati ule.

Ukuta huo nao umepoa kwa kanuni ileile. Kama upana wake ni mita chache, kuganda kwake ni suala la wiki au miezi. Chembe zake zitakuwa kubwa kiasi kuliko za lava iliyosimama Buhene, ndogo mno kuliko za koo la Mlima Kenya, na kingo zake, zilizogusa miamba baridi, zitakuwa na utepe wa chembe laini karibu na kioo. Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kinaendelea kusikiliza mitetemo ya mlima. Jiwe lenyewe liko chini ya nyumba za watu, na halitaonekana mpaka mvua za zama nyingi ziondoe kilicho juu yake.